Taa mpya za barabarani: namna ya kukusanya maoni ya majirani

Taa za LED zikiwashwa kwenye avenyu yenu, usiulize watu mchana. Mchana kila mtu atakuambia "ni nzuri". Mimi huzunguka hapa Majengo, Goma, giza likishaingia, namuuliza mtu palepale alipo. Mama anayekaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anafurahi, maana wateja wanahesabu noti bila tochi. Kijana wa chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, ana lake: mwanga unamchoma machoni, kisha kati ya nguzo mbili haoni shimo. Hapo andika nguzo ipi, mbele ya nyumba ipi. "Taa ni mbaya" haimsaidii fundi.

Piga hodi pia kwa wenye madirisha yanayotazama nguzo. Watoto wakikosa usingizi, hayo nayo ni maoni, tena mazito.

Kisha tenganisha malalamiko. Mwanga unaochoma au kuingia chumbani hupunguzwa kwa kuinamisha kichwa cha taa au kukifungia kikinga. Weupe mkali ni suala la rangi, ambayo hupimwa kwa kelvini: taa ya kelvini 3000 ina umanjano, ya 5000 ni nyeupe kali. Giza kati ya nguzo hutokana na nguzo kuachana mno. Na kwetu, ambako volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mjini mwaka 2002, ardhi na kuta za mawe meusi hazirudishi mwanga mwingi. Jambo hilo litajeni waziwazi.

Karatasi ya maoni ipitie kwa nyumbakumi, kisha kwa chefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, ikiwa na sahihi za kina mama wa sokoni. Hilo nalisisitiza: wao ndio wanaorudi usiku.