Kupanga Dakika 2 za Mwanzo za Filamu ya Taharuki

Kabla mwanafunzi hajashika kamera, ni lazima ajue anataka kumtisha nani. Tafuta watu 20 hivi wa umri unaoulenga, tuseme miaka 15 hadi 24, ukiwachanganya wanachuo na vijana wa soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, kwa kuwa rafiki zako wa darasani watakusifu tu. Dodoso liwe fupi. Kuuliza kama mtu anapenda filamu za taharuki hakuna faida, maana karibu kila mmoja hujibu ndiyo. Afadhali umuulize ni filamu gani aliyoiacha njiani, na ni kitu gani kilichomchosha. Kisha waonyeshe wachache wao michoro ya matukio kwa mfuatano, ukae kimya, na uandike ni mchoro upi unaowafanya waanze kubashiri. Wakimtambua mhalifu katika mchoro wa tatu, umeifichua siri mapema mno.

Majibu hayo ndiyo yaongoze mpango. Wengi wakisema kwamba sauti huwatisha kuliko damu, tenga muda wa kurekodi nyayo na mlango unaolia, badala ya kuhangaika na rangi nyekundu. Ukungu wa asubuhi wa Mbeya hupendeza sana kwenye picha, lakini hutoweka jua likipanda, kwa hiyo matukio yote yanayouhitaji yapigwe kwanza. Mwenyekiti wa mtaa naye ajulishwe mapema, hasa kama kuna kisu cha bandia, kwani majirani hawatajua kuwa ni maigizo.