Mtungi wa trafiki na mtungi wa moto

Kwa miaka minne mtungi wangu wa kuzimia moto ulikuwa na kazi moja tu: kuonyeshwa. Trafiki anasimamisha, anaomba leseni, anauliza pembetatu, anauliza mtungi. Nashuka, nafungua buti, nasogeza mizigo, "huu hapa afande", haya mama, safari njema. Ulikuwa mwekundu, una stika, una geji. Sikuwahi kuushika kwa sababu nyingine yoyote.

Oktoba mwaka juzi nilikuwa naenda Mpwapwa kumwona mama. Nimeshapita Mbande, nimeiacha barabara ya Morogoro na kushika ya Kongwa, wanangu wakaomba kuchimba dawa. Nikaingiza IST yangu pembeni, juu ya majani. Anayeijua Dodoma ya Oktoba anayajua majani hayo: mvua wameiaga tangu Aprili, ukiyashika yanavunjika mkononi. Na ekzosti ya gari lililotoka mjini bila kupumzika ina joto kuliko pasi ya mkaa. Watoto hawajarudi, moshi ukaanza kutoka chini ya mlango wa nyuma.

Mtungi uko buti, chini ya gunia la mchele na ndoo mbili. Nilipoufikia nikavuta pini, nikabana. Ukakohoa mara moja, ukatoa vumbi kama la dasta ikigongwa ukutani, kisha hewa tupu. Aliyeliokoa gari ni kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita, kwa sufuria niliyokuwa nampelekea mama na mchanga wa pembeni ya barabara. Moto ulipokufa akauokota mtungi wangu, akautazama geji, sindano iko kwenye kijani kabisa. "Pole mama. Mbona mtungi wako mgonjwa?"

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Swali lile liliniuma kuliko plastiki za chini ya gari zilizoyeyuka. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyafanya baada ya siku ile, kwa gari dogo la nyumbani kama langu.

Tuanze dukani. Mtungi unaofaa gari ni wa poda kavu, na kwenye stika yake ziwepo herufi tatu: ABC. A ni moto wa vitu vinavyoacha makaa, yaani majani, nguo, sponji ya siti, tairi. B ni petroli, dizeli na oili. C ni gesi. Ipo poda iliyoandikwa BC peke yake, nayo hufanana kabisa na mwenzake ukiitazama kwa nje. Hiyo itazima petroli, lakini kwenye siti au majani moto utalala kidogo kisha utaamka tena, kwa sababu poda ya BC haigandi juu ya makaa na kuyafunika. Mitungi mingi madukani inatoka China, na kwenye maandishi yake utaona alama kama MFZ/ABC1. Hiyo namba ya mwisho ni kilo za poda. Ukiona MFZ bila ABC wala herufi L, uliza, na kama muuzaji hana jibu, rudisha rafuni.

Wa kabonidioksidi ni mzuri kwenye chumba cha kompyuta. Nje, kwa upepo wa Dodoma huu unaobeba mpaka vyombo vya jikoni, gesi itapeperushwa kabla haijafanya kazi. Tena mtungi wake una presha kubwa sana ndani, na gari lililofungwa juani si mahali pa kuuweka. Vile vikopo vya kupuliza vinavyofanana na dawa ya mbu mimi sivihesabu.

Ukubwa: kilo 1 inamwaga poda kwa sekunde zisizofika kumi. Hesabu moja mpaka kumi kwa sauti, uone ni muda gani. Kwa hiyo kilo 2 ni bora, kama gari lako lina nafasi. Mimi niliitaka kilo 2, siti ya IST ikaikataa; chini yake, ambako ndiko ninakoufunga, kuna sentimita kumi tu mbele, na mtungi wa kilo 2 ni mnene kuliko hapo. Mwenye Prado au Noah asikubali kilo 1.

Sasa, kabla ya kulipa, fanya mambo ambayo muuzaji hayapendi. Tazama kichwa: kiwe cha chuma au shaba, kisiwe cha plastiki. Pini iwepo na sili yake haijakatwa. Soma tarehe ya kutengenezwa. Halafu pima uzito. Stika nyingi zinaandika uzito wote, yaani chuma pamoja na poda. Nilinunua wa kwanza duka moja la spea, nikapita nao sokoni Majengo kwa mama mmoja anayeuza karanga, nikamwomba mizani. Alicheka, "madamu, leo unauza chuma?" Ulipungua karibu gramu 300 kwenye uzito ulioandikwa. Yaani karibu theluthi ya poda haimo, na geji iko kijani. Nikaurudisha. Geji inapima presha ya hewa, haijui chochote kuhusu poda. Ndiyo maana ule wangu wa zamani ulikuwa "mzima" kwa geji na mgonjwa kwa mkono.

Tukija kwenye kuufunga, hapa ndipo nilipotumia muda mwingi na sijutii.

Kwanza ondoa buti kwenye mawazo yako. Ukigongwa nyuma, buti halifunguki. Ukiwa na mizigo, hali ni kama yangu. Dashibodi na kile kibao cha nyuma chini ya kioo, navyo usiviguse: mitungi mingi imeandikwa isizidi nyuzi 55 au 60, na gari lililofungwa madirisha kwenye jua la Novemba, palipopigwa na jua kupitia kioo panapita hapo bila shida. Chini ya siti, kivulini, joto ni dogo zaidi.

Na usiuache ukibingirika sakafuni. Niliwafanyia wanafunzi hesabu hii ubaoni: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, kitu kilicholegea ndani kinaendelea na mwendo uleule. Ni sawa na kitu hicho kudondoshwa kutoka mita 25 juu, kama ghorofa ya nane. Chukua mtungi wa chuma, panda ghorofa ya nane, uachie juu ya kichwa cha mwanao aliyekaa siti ya mbele. Na hata bila ajali, mtungi unaobingirika siku moja utaingia chini ya pedali ya breki. Kwa hiyo upande wa dereva, karibu na miguu, hapana.

Mahali nilipochagua ni mbele ya siti ya abiria, ukiwa umelala kwa upana chini ya ukingo wa siti, kichwa kikielekea katikati ya gari. Nikiwa nimekaa kwa dereva nainama na mkono wa kushoto, naufikia mtungi. Nikiwa nje, nafungua mlango wa kushoto, upo.

Wenye Noah zile za zamani, SR40, sikilizeni: injini yenu iko chini ya siti za mbele. Ukifunga mtungi pale unaufunga juu ya moto wenyewe. Tafuteni ubavuni karibu na mlango wa kutelezesha.

Kishikio kinachokuja na mtungi mara nyingi ni cha plastiki au bati laini, kimetengenezwa kwa ukuta wa ofisi. Tafuta cha chuma chenye mkanda wa chuma na klempu ya kufyatua, ile unayoivuta kwa kidole kimoja. Mkanda wa mpira unaoza kwa joto. Kamba ya manila na gundi ya karatasi nimeviona kwenye magari ya watu ninaowaheshimu, sitasema zaidi.

Usitoboe sakafu. Chini ya zulia hupita nyaya, na chini ya bati hupita bomba za breki na za mafuta. Drili ikizidi sentimita moja umejitengenezea moto uliokuwa ukijaribu kuuzima. Njia salama ni kutumia bolti za siti zilizopo. Kwenye IST bolti mbili za mbele za reli ya siti zinafunguka kwa spana ya 14. Nilipima umbali kati yake kwa rula, nikachora kwenye boksi la chaki, nikakata, nikaliweka pale mpaka likakaa. Boksi hilo nikampelekea fundi wa kuchomelea Chang'ombe. Akanikatia bati la milimita 3, matundu mawili ya bolti za siti, matundu mawili ya kishikio, kingo akazisugua zisikate vidole. Alitaka kulipaka rangi nyekundu. Nikasema nyeusi, asante.

Kabla ya kugusa siti, zima gari, toa waya wa hasi wa betri, subiri dakika mbili. Chini ya siti za magari mengi kuna plagi za njano, hizo ni za mifuko ya hewa na mikanda. Usizichomoe, usizivute, na bati lisizikandamize.

Kuna jambo fundi hakulisema na mimi nililiona nikiwa nakaza: bati la milimita 3 linakula milimita 3 za nyuzi za bolti. Bolti hiyo ndiyo inayomshika mtu na siti yake siku ya ajali, si ya kuichezea. Nikatafuta bolti ndefu kidogo, nyuzi zilezile, na namba ileile iliyochongwa kichwani, kwa sababu namba hiyo ndiyo ugumu wa chuma. Kishikio chenyewe nikakikaza kwenye bati kwa bolti za milimita 6, wosha pana, na nati zenye nailoni ndani, kwani nati ya kawaida kwa barabara ya vumbi italegea ndani ya mwezi. Kisha sukuma siti mbele yote, irudishe nyuma yote, halafu mkalishe mtu mzito. Kwangu siti ilipokwenda mbele iligusa klempu; nikashusha kishikio nusu sentimita.

Geji itazame juu ili uisome bila kuufungua. Kila mwisho wa mwezi, nikipata mshahara, naufyatua, naugeuza kichwa chini, naupiga kitako kwa kiganja mara kadhaa na kusikiliza. Poda nzima inateleza ndani kama mtama kwenye kibuyu. Usiposikia kitu, imeshindiliwa na mtikisiko wa barabara, na hiyo ndiyo iliyoniangusha Kongwa. Sindano nayo hucheza kidogo: asubuhi ya Julai iko chini kuliko mchana wa Novemba. Isiyocheza kamwe mwaka mzima naitilia shaka.

Siku ya moto wenyewe: simama pembeni, zima injini, watu wote washuke na waende mbali, mmoja apige 114, Zimamoto. Simama upepo ukikupiga mgongoni, kama mita mbili. Vuta pini, lenga chini ya moto na si kwenye ndimi zake, bana, peleka kushoto na kulia. Moto ukiwa kwenye injini usifungue boneti. Vuta ile waya ya ndani tu, boneti iachie nafasi ya kidole, pulizia humo. Ukiifungua wazi umeupa hewa na uso wako. Moto ukiwa umeshaingia ndani ya gari au uko kwenye tangi la mafuta, achana nao. Na likiwa ni lori la mafuta la mtu mwingine, mtungi wako ubaki ulipo na wewe ukimbie. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, walikufa watu zaidi ya 100 waliokuwa karibu na lori moja.

Ukishabana hata sekunde moja, mtungi huo umekwisha. Chembe za poda hubaki kwenye vali na presha itavuja polepole mpaka kesho uukute mtupu. Peleka ukajazwe. Poda iliyobaki garini ipulize na kuiosha mapema, maana ikipata unyevu inakula chuma na nyaya.

Tulifanya jaribio uani, pini ikiwa mahali pake. Mwanangu wa kidato cha pili, macho yamefungwa kwa kitambaa: kufungua mlango wa kushoto, kufyatua klempu, kusimama na mtungi hatua tano kutoka garini, sekunde tisa. Mdogo wake, asiyefungwa macho, kumi na nne. Alisimama kwanza kusoma stika.