Uji mzito wa mtoto kwa kimea cha ulezi

Kliniki ninakofanya kazi tunawaona watoto wanaokunywa uji kutwa mara tatu na kumaliza kikombe, lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi. Nikimuuliza mama uji ukoje, naambiwa ni mwepesi ili asipaliwe. Hapo ndipo penye shida. Tumbo la mtoto aliyetimiza miezi 6 hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 7 hujaa kwa mililita 210 tu. Uji mwepesi unamshibisha maji. Mzito nao unamshinda kumeza. Kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kinaulainisha uji mzito bila kuuongezea maji.

1. Otesha ulezi. Chambua, osha, loweka usiku kucha. Chuja, tandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu, funika, na unyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu utaona vimizizi vyeupe. Usitumie mtama kwa kazi hii, kwa sababu machipukizi yake yana sumu. Ulezi ukiota ukungu, mwaga wote. Usijaribu kuuosha.

2. Anika na usage. Ukaushe juani kabisa, fikicha vimizizi vitoke, pepeta, saga. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

3. Songa uji mzito. Kwa kikombe cha maji weka vijiko vinne vya chakula vya unga wa mahindi au ulezi, upike hadi uive vizuri. Utakaribia ugali laini, usiogope.

4. Tia kimea. Epua, acha upoe hadi uwe vuguvugu la moto kidogo, kwani uji unaochemka huua vimeng'enya vya kimea vinavyolainisha uji. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga, subiri dakika chache. Utauona unalegea wenyewe mbele ya macho yako. Kisha rudisha jikoni uchemke tena, maana kimea kibichi kinaweza kuwa na vijidudu. Ukichota, uji ukae kwenye kijiko, usichuruzike kama chai.

5. Ongeza vya kujenga mwili. Hapa usibane mkono. Unga pekee hautoshi, na madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto yanapungua umri huu. Koroga humo karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, au dagaa waliosafishwa na kusagwa, au yai lililoiva vizuri likapondwa, pamoja na kijiko cha chai cha mafuta. Anza na kimoja, ngoja siku mbili tatu, ndipo uongeze kingine. Papai au embe lililopondwa mpe pembeni. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, na chai isiwe kinywaji chake, inazuia madini ya chuma kufyonzwa.

6. Lisha. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia bakuli na kijiko, chupa weka kando. Anza na vijiko viwili vitatu, milo miwili au mitatu kwa siku, ukielekea nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 iwe mitatu au minne. Akigeuza uso, pumzika, zungumza naye, mjaribu tena, usimkabe. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka 2 au zaidi. Uji aliobakiza asiwekewe hadi jioni, mpikie mwingine.