Namna ya kukodi jengo la kale vijijini Uingereza, kuanzia nanasi la mawe hadi mnara wa pwani

Ndugu wanaokuja kututembelea Uingereza huonyeshwa London, wakapiga picha darajani, wakarudi nyumbani. Vijijini hawafiki. Na huko ndiko kuna ngome, minara na vibanda vya mabwana wa zamani ambavyo familia ya kawaida inaweza kukodi kwa siku tatu au nne, ikapika, ikalala, ikafunga mlango kama kwake. Napanga safari za aina hii kwa jamaa na marafiki, na kuna jambo moja ninalolisisitiza kila mara: kila jengo la kale lilijengwa kwa kazi yake, na kazi hiyo ndiyo itakayoamua utalala vipi, utaoga wapi na utapanda ngazi kiasi gani.

Hatua ya 1: Mjue mwenye nyumba

Anza na Landmark Trust. Ni shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1965 na John Smith na mkewe Christian. Huchukua jengo la kale linalokaribia kubomoka, hulikarabati kwa uangalifu mkubwa, kisha hulikodisha kwa wageni wa likizo, na kodi hiyo husaidia kulitunza. Sasa lina majengo yapatayo 200, mengi yakiwa England, Uskoti na Wales, na machache Italia. National Trust, shirika jingine la hisani la tangu 1895, nalo hukodisha nyumba mashambani, ila nyingi ni nyumba za kawaida za wakulima. Ukitaka kitu cha ajabu, Landmark ndio wenyewe.

Hatua ya 2: Soma ramani ya vyumba kabla ya kutazama picha

Hapa ndipo nakuomba utulie. Kila jengo kwenye tovuti yao lina mchoro wa vyumba. Uchapishe, uuweke mezani, kisha mtaje kila mtu atakayesafiri na umwonyeshe chumba chake, ngazi zake na njia yake ya kwenda chooni usiku.

Chukua The Pineapple, karibu na kijiji cha Airth, Uskoti. Ni nanasi la mawe lenye kimo cha karibu mita 14, limekaa juu ya ukuta wa bustani, na mwaka 1761 umechongwa juu ya mlango wake. Kwetu nanasi ni tunda la kununua barabarani ukipita Kiwangwa, Bagamoyo. Kwa Lodi Dunmore, bwana mwenye cheo aliyelijenga, lilikuwa fahari ya tajiri: ukuta ule ulikuwa na uwazi ndani, hewa ya moto ikapitishwa humo ili mananasi yaive kwenye baridi ya Uskoti. Dohani zilifichwa kwa umbo la vyungu vya mapambo. Kila jani la mawe limechongwa ili maji ya mvua yateremke yasigande na kupasua jiwe. Kazi ya fundi aliyejua alichokuwa akifanya!

Lodi huyo huyo ndiye gavana wa mwisho wa Kiingereza kule Virginia, koloni la Uingereza huko Amerika, na Novemba 1775 alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi waliompinga mfalme, iwapo watumwa hao watajiunga na jeshi la mfalme. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Mambo hayo yazungumzwe na watoto jioni mkiwa pale pale, kwa sababu uzuri wa bustani ile na historia hiyo havitenganishiki.

Sasa rudi kwenye ramani. Hulali ndani ya nanasi lenyewe. Unalala kwenye vyumba vilivyo pembeni mwake, vilivyokuwa vya watunza bustani, na nanasi liko katikati. Kutoka sebuleni kwenda kulala unapita nje, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa wanne wenye afya ni raha tupu. Kwa mama mwenye mtoto wa miezi minne, ningesita.

Swarkestone Pavilion, Derbyshire, ni la miaka ya 1630, la wawili tu, na bafu liko juu kwenye mnara mmojawapo: unavuka paa lililo wazi ili ukaoge. Clavell Tower, pwani ya Dorset, ni mnara wa mwaka 1830 uliokuwa ukingoni mwa jabali linalomomonyoka. Landmark waliufungua jiwe kwa jiwe, wakaujenga upya mita 25 mbali na bahari. Vyumba vinne vimepandana, kila kimoja na ghorofa yake, na gari linabaki chini ya mlima. Usimpeleke bibi mwenye magoti mabovu huko.

Bibi mpeleke Astley Castle, Warwickshire. Ngome hiyo iliungua mwaka 1978 ikabaki magofu, kisha nyumba mpya ikajengwa ndani ya kuta zile za kale. Mwaka 2013 ilishinda tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu majengo Uingereza. Vyumba vya kulala viko chini, sebule iko juu, na kuna lifti. Inachukua watu wanane, kwa hiyo familia mbili zinaweza kuchangia.

Hatua ya 3: Panga tarehe na hesabu

Bei ni ya jengo zima, si ya kichwa, hivyo gawanya kwa idadi yenu kabla hujasema ni ghali. Siku za katikati ya wiki, Novemba hadi Februari, ukiacha Krismasi na mwaka mpya, hushuka sana. Agosti na likizo za shule ni za wenye nacho. Majengo mashuhuri hujaa mapema mno, kwa hiyo anza kutafuta mwaka mmoja kabla.

Kumbuka lakini kwamba Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Juni kule Uskoti mwanga unaendelea hadi saa nne usiku na zaidi. Mimi nachagua Mei, au mwisho wa Septemba.

Hatua ya 4: Viza na gari

Kwa anayetoka Tanzania au Kenya, viza ya mgeni huruhusu kukaa hadi miezi 6, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Hifadhi uthibitisho wa nyumba uliyokodi, uuambatanishe na barua ya mwenyeji wako.

Majengo haya hayana basi la kukufikisha mlangoni. Kodi gari. Kwa bahati njema wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na leseni ya kwenu inakubalika kwa mgeni. Barabara za vijijini ni nyembamba, gari moja tu linapita, na kuna vituo vidogo vya kupishana: anayekikaribia husimama, mwenzake apite, mnapungiana mkono. Postikodi ya shambani hufunika eneo kubwa, hivyo usiitegemee peke yake. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka mjini na chapisha maelekezo wanayokutumia.

Hatua ya 5: Jikoni

Vyombo, mashuka na taulo vipo. Chakula ni juu yenu. Nunueni mchele, nazi, viungo na nyama ya halali mjini, Birmingham au Leicester kwa mfano, kwa maana duka la kijijini halina. Nyama na maziwa msibebe kutoka nyumbani, forodhani vitazuiwa. Kwa England na Wales maduka makubwa hufunguliwa kwa muda wa masaa sita tu siku ya Jumapili, na mengi hufunga saa kumi jioni.

Jambo la hatari ambalo sipendi kulificha: msiwashe jiko la mkaa ndani, hata baridi ikiwa kali namna gani. Kuta ni nene, madirisha yanafungwa kabisa, na gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Majengo mengi yana mahali pa kuota moto wa kuni palipojengwa kwa kazi hiyo. Patumieni.

Hatua ya 6: Mkishafika

Kwa kawaida mnaingia saa kumi jioni na kuondoka saa nne asubuhi. Televisheni haipo, intaneti haipo, na huo ni utaratibu wao wa makusudi. Badala yake kuna rafu ya vitabu vilivyochaguliwa kwa ajili ya mahali hapo, pamoja na kitabu cha wageni ambamo watu huandika njia nzuri ya kutembea, muuza mayai aliye karibu, dirisha linalopitisha upepo. Kisomeni usiku wa kwanza. Kisha nanyi andikeni, hata kwa Kiswahili.

Anayeswali apakue nyakati mapema, na kibla kiko kusini-mashariki. Vaeni buti zisizopitisha maji, kwa sababu njia za miguu hukatiza mashamba yenye kondoo, na kila geti mlilofungua mlifunge.

Kama mfuko hauruhusu

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni siku za wazi, ambapo Landmark hufungulia umma baadhi ya majengo bure. Ya pili ni vibanda vya milimani vinavyotunzwa na Mountain Bothies Association, chama kilichozaliwa mwaka huo huo wa 1965. Ni nyumba kama mia moja, nyingi zikiwa Uskoti, zilizokuwa za wachungaji na vibarua wa mashamba. Hulipi wala huweki nafasi, ila pia hakuna umeme, hakuna bomba, na mara nyingi choo ni jembe dogo la kuchimbia shimo nje, lililo nyuma ya mlango. Kundi la watu sita au zaidi halitakiwi. Bebeni magodoro ya kukunja, taa, chakula na mafuta ya kuwashia jiko yenu wenyewe, na takataka zote mshuke nazo.