Kumkabili mpinzani wa miraba minne: namna ya kuusoma mwili wake na kutumia ufundi wako

Kabla ya kujifunza kupigana na mtu aliyekuzidi umbo, tenganisha mambo matatu ambayo jicho huyachanganya: uzito, nguvu na mwonekano.

Uzito ni jambo la kweli, na asikudanganye mtu. Ndondi, judo na mieleka zimegawanywa kwa madaraja ya uzito kwa sababu, kati ya watu wawili wenye ufundi sawa, aliyezidi kwa kilo 20 humchosha mwenzake kwa kumwegemea tu, na ngumi yake huumiza hata inapotua kwenye mkono uliokinga. Nguvu nayo ni ya kweli, ila huwa na faida pale tu inapoingia katika tendo linalohitajika kwa wakati wake. Mwonekano ni habari nyingine kabisa. Misuli iliyochoreka hukueleza kwamba mtu ana mafuta machache mwilini na kwamba amenyanyua vyuma kwa bidii. Haikuelezi kama anajua kuurudisha mkono kidevuni baada ya kurusha ngumi.

Tarehe 1 Juni 2019, jijini New York, Andy Ruiz Jr. alipanda ulingoni akiwa na tumbo lililolegea mbele ya Anthony Joshua, bingwa wa uzito wa juu mwenye mwili wa kuchongwa. Ruiz aliangushwa katika raundi ya tatu, akainuka, akamwangusha Joshua mara mbili katika raundi hiyohiyo na mara mbili tena katika raundi ya saba, na mwamuzi akalisimamisha pambano. Waliomcheka hawakuwa wameitazama kasi ya mikono yake wala jinsi alivyopachika ngumi tatu au nne mfululizo bila kupoteza mizani. Hata hivyo, usichukue funzo nusu. Waliporudiana Desemba mwaka huohuo nchini Saudi Arabia, Ruiz alikuja na takriban kilo 128, akawa mzito wa miguu, na Joshua akamshinda kwa pointi kwa kumpiga kutoka mbali na kuondoka. Mara zote mbili aliyeshinda ni yule aliyeuweka mwili wake mahali panapofaa.

Kwa hiyo, unapokutana na mpinzani wa aina hiyo, anza kumtazama miguuni. Angalia kama miguu yake hupishana anapokwenda kando, kwa maana mtu aliyepishanisha miguu hawezi kupiga wala kukinga kwa nguvu. Angalia mabega: yakipanda kuelekea masikioni, mtu huyo amejikaza, na aliyejikaza huchelewa. Kisha sikiliza pumzi. Msuli uliokazwa muda mrefu hubana mishipa inayouletea damu, hivyo anayepigana kwa kukaza mwili mzima hulipia baadaye. Ukisikia anabana pumzi kila anaporusha ngumi na kuiachia kwa mkupuo, jua kwamba raundi ya pili itakuwa nzito kwake.

Ukiwa umesimama, kazi yako ya kwanza ni umbali. Kaa pale ambapo ngumi yake inakomea kidole kimoja mbele ya pua yako, na umlazimishe kupiga hatua kila anapotaka kukufikia. Tumia ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele bila kutafuta kumwangusha, bali kumkatiza kila anapojipanga. Kama mkono wake mzito ni wa kulia, zunguka zaidi kuelekea kulia kwako, ukiwa umeinua mkono wa kulia kukinga ngumi yake ya kuzungusha ya kushoto. Usirudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Hilo ndilo kosa linalowaponza wengi, kwa sababu mtu mzito akipata mwendo wa mbele hahitaji ufundi tena. Ukipata nafasi, piga mwilini, hasa chini ya mbavu za upande wake wa kulia palipo na ini.

Mkishikana, wanafunzi wengi husukumana na mtu anayewazidi, na hapo huwa wamekubali kucheza mchezo wake. Weka paji la uso chini ya taya yake, viwiko ndani ya viwiko vyake, na kiganja kimoja kwenye msuli wa juu wa mkono wake. Kiganja hicho ni sikio. Muda mfupi kabla ya kusukuma, utauhisi msuli ule ukiwa mgumu kama jiwe. Hapo usishindane naye, geuza nyonga, mpishe, na mguu ambao uzito wake unahamia ndio wa kumkata mtama. Mimi nilichukua muda mrefu kuuamini mkono wangu katika jambo hili, na hakuna zoezi lililonibadilisha zaidi.

Chini kwenye mkeka, ufundi una faida kubwa kuliko mahali pengine popote. Kabali iliyokaa sawasawa hufunga mishipa miwili ya damu pande za shingo, na mtu anaweza kupoteza fahamu kwa takriban sekunde 10, awe na kifua cha namna gani. Lakini mkono wako ukipita juu ya taya badala ya kuingia chini ya kidevu, utabana mfupa mpaka uchoke wewe. Kwa kuvunja kiwiko, mkono wake ukiwa katikati ya mapaja yako, kaza magoti pamoja, elekeza dole gumba lake juu, hakikisha kiwiko kipo juu ya mfupa wa nyonga yako, ndipo uinue kiuno: mgongo na miguu yako yote inapambana na mkono mmoja. Mwaka 2002, jijini Tokyo, mpiganaji wa Brazil Antônio Rodrigo Nogueira alibebwa na kubwagwa kichwa chini na Bob Sapp, mtu wa zaidi ya kilo 150, lakini katika raundi ya pili alimlazimisha kusalimu amri kwa mbinu hiyohiyo ya kiwiko. Mpiganaji mwingine wa Brazil, Royce Gracie, mwenye karibu kilo 80, alilala chini ya mwanamieleka Dan Severn kwa takriban dakika 15 mnamo Desemba 1994, akisubiri mpaka miguu yake mwenyewe ilipofunga kabali ya pembetatu shingoni mwa Severn. Subira ya namna hiyo ni sehemu ya ufundi, na haifundishiki kwa siku moja.

Ikiwa mpinzani ni mkubwa na pia ni fundi, ukweli ni kwamba utaumia. Bondia Oleksandr Usyk alimshinda bondia mwenzake Tyson Fury mnamo Mei 2024 akiwa mwepesi kwa karibu kilo 18, lakini alikuwa na miaka mingi ya ndondi za ridhaa nyuma yake. Usikubali pambano la mashindano nje ya daraja lako kwa sababu tu umesikia habari kama hizo.

Katika mazoezi, chagua mwenzako mkubwa anayejizuia, mkubaliane kiasi cha nguvu kabla ya kuanza, na muache mara mmoja anapogonga mkeka, yaani anaposalimu amri. Raundi tatu za dakika tatu kwa wiki zinatosha mwanzoni. Raundi ya kwanza, usirushe ngumi hata moja: tembea tu, kwepa, na uhesabu ni mara ngapi amekufikia. Wiki ifuatayo, hesabu tena.