Tezo inayochomoka: kuitia mpini na kuinoa

Tezo, chombo cha kuchongea mti, ikilegea kwenye mpini, wengi huitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Inashika, lakini kwa siku moja. Mti ukivimba hujibana kwenye chuma, nyuzi zake zinapondeka, na ukishakauka tundu linakuwa pana kuliko jana. Tia mpini upya tu.

Tafuta mpera mkavu, uliokatwa pale penye panda au fundo, maana kichwa cha mpini ndicho kinachobeba kishindo chote. Mti mbichi husinyaa, na utarudi palepale. Kwa tezo ya mkono mmoja, kama za wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, sentimita 35 zinatosha. Anayechonga amesimama huhitaji mpini mrefu zaidi.

Toboa kichwani tundu jembamba kuliko mkia wa tezo, yaani ncha ya chuma inayoingia mpinini. Funga makali kwa kitambaa kibichi ili yasipoteze ugumu, kisha pasha mkia hadi uwe mwekundu. Uchomeke kuanzia upande wa kichwa utakaotazama kazi, utoe, pasha tena, rudia. Mkia ukibakiza sentimita moja na nusu hivi kuzama, acha. Chuma kikishapoa, gongomea kwa nyundo ya mti hadi kikae. Mkia uliochongoka sawasawa huzama zaidi kwa kila pigo. Kabari ya nini?

Kunoa: upande wa nje ubaki bapa, mteremko wa makali ukae upande unaotazama mpini, digrii 25 hadi 30. Tezo itulie, kinoo ndicho kitembee. Ukitumia grainda, chovya majini kila mara. Rangi ya bluu ikitokea, chuma kimeungua na hakitashika makali. Saga hadi sehemu hiyo iishe.

Kwenye kuchonga, piga mapigo mafupi ya kiwiko, ukifuata ulalo wa nyuzi. Tezo ikichimba na kukwama, umeisimamisha mno, ilaze kidogo. Ikiteleza bila kula, umeilaza kupita kiasi, au makali yamekufa. Mti ukianza kupasuka mbele ya makali, geuza gogo uje kutoka upande wa pili. Mkono unaoshika gogo ukae nyuma ya pigo, na mguu vilevile.

Mpingo una sharti lake: makali membamba yanayokula mninga vizuri humegeka pale. Ongeza mteremko ufike digrii 35, na utoe vibanzi vidogovidogo.