Viroboto kwa mbwa: tibu mbwa, tibu na pale analala

Kwanza hakikisha ni viroboto, juu watu wengi Nairobi huchanganya na kupe. Kupe hung'ang'ana kwa ngozi hatoki, kiroboto anakimbia kwa manyoya na ukimgusa anaruka. Kama humwoni, chukua kitana cha meno madogo, pitisha mgongoni karibu na mkia, alafu gongea ule uchafu kwa tishu nyeupe yenye maji. Punje nyeusi zikiyeyuka ziache rangi ya damu, hiyo ni choo ya viroboto.

Sasa shida iko hapa: mtu anaosha mbwa vizuri, viroboto wanaisha, baada ya wiki mbili wamerudi na anasema aliuziwa dawa feki. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 hivi kwa siku, na hayo mayai hayabaki kwa manyoya, yanaanguka pale mbwa analala, kwa gunia, kwa kapeti, chini ya kochi, kwa nyufa za simiti. Yakiangua yanakuwa mabuu, buu anajifungia ndani ya kifuko, na akiwa humo dawa haimpati, anaweza kukaa hata miezi akingoja joto na mtikisiko wa mtu ama mbwa akipita. Baridi yetu ya Julai haiwaui, wako mwaka mzima.

Kwa hivyo fanya zote siku moja. Pima mbwa kilo, enda agroveti ama kwa daktari wa mifugo uchukue dawa ya kudondoshea shingoni yenye fipronili, ama tembe ya kutafuna. Usigawanye ya mbwa mkubwa ati wapate wawili. Ile ya kudondoshea, usimwoshe siku mbili kabla na siku mbili baada. Dawa ya kuogesha ng'ombe yenye amitrazi achana nayo kabisa, ni ya kupe, viroboto haiwamalizi na ukikosea kipimo mbwa anaumia. Na kama kuna paka, dawa ya mbwa yenye permethrini isimguse, inaua paka.

Gunia tupa. Blanketi fua na maji moto sana, anika juani. Fagia kila siku hadi nyuma ya kochi na mle ndani ya kibanda, takataka itoke nje siku hiyo hiyo. Mbwa wote wa ploti watibiwe, ongea na jirani bila kumlaumu, mnaumwa nyote. Utaendelea kuona wachache wakitoka kwa vifuko, usikate tamaa, rudia dawa vile pakiti inasema kwa miezi 3 angalau.

Vile vijibwa vidogo vya chini ya wiki 8 usivipake kitu bila kuuliza daktari. Vichane na kitana, viroboto uwazamishe kwa beseni ya maji ya sabuni, na uangalie fizi: zikiwa nyeupe, damu imepungua sana mwilini, kimbia kliniki leo, usingoje kesho.

Ukiona punje kama za mchele kwa mkundu wa mbwa, hiyo ni tegu, ameipata akimeza kiroboto akijiuma, mpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli.